Maswali ya Wasomaji: Jukwaa Dogo la Mtaani

SWALI: Assalaam alaykum. Sisi ni vijana kumi na wawili wa mtaa wa Langoni, Lamu, na wanne kati yetu ni wasichana. Kwa mwaka mmoja sasa tumekuwa tukiigiza mara moja kila mwezi kiwandani, yaani katika ua wa ndani wa nyumba ya ami yangu, michezo tunayoitunga wenyewe juu ya mirathi, ardhi na bei ya samaki. Mambo matatu yanatusumbua. Shirika moja limeahidi kutulipa iwapo tutaigiza juu ya afya na kumalizia kila mchezo kwa kaulimbiu yake. Wazee wawili wamemwendea baba wa mwenzetu wa kike, wakilalamika kwamba wavulana na wasichana hujifungia usiku kwa kisingizio cha mazoezi. Tena hatutozi kiingilio, ilhali taa na maleba twanunua kwa pesa zetu. Tufanyeje?
Msomaji, Langoni

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Umeyaweka mambo matatu kama yaliyo sawa kwa uzito, lakini mimi naona la wazee ndilo kubwa, na mkilitengeneza hilo mawili yaliyobaki yatapungua makali.

Kwa jinsi ulivyoeleza, wazee hao hawakuulalamikia mchezo, bali mlango uliofungwa. Katika mji ambao mtu aketiye barazani humjua kila apitaye na aendako, mlango unaofungwa usiku huku sauti za vijana zikisikika ndani huzaa maneno hata kama ndani hamna ila watu wanaokariri. Hamisheni mazoezi yawe baada ya sala ya Alasiri, mlango uachwe wazi, na mikeka itandikwe kando kwa ajili ya mama, shangazi na yeyote atakaye kuketi. Baba wa huyo mwenzenu aalikwe kwanza, tena aendewe nyumbani na mtu mzima wenu, si kwa ujumbe wa simu.

Faida ya mlango huo haiishii kwenye heshima. Huko Kamiriithu, karibu na Limuru, wanakijiji walipojijengea jukwaa la wazi mwaka 1977 na kuandaa mchezo kwa Kigikuyu pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, mazoezi yalifanywa hadharani, na wenyeji waliokuja kutazama wakawa wanasahihisha maneno na mienendo ya wahusika. Kibali cha mchezo kilifutwa Novemba mwaka huohuo, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwishoni mwa Disemba, na jukwaa lenyewe likabomolewa mwaka 1982; lakini namna ile ya kufanya mazoezi imebaki kuwa funzo kwa kila kikundi cha mtaa.

Nami niliiona faida yake nilipokuwa na kikundi kidogo Malindi. Mwigizaji wetu mmoja alikuwa akishona wavu jukwaani huku akisema maneno mazito ya kutengana na mkewe. Mvuvi mmoja, aliyekuja kumngojea mwanawe tu, alivumilia kwa muda, kisha akanyanyuka, akamtwalia ule wavu, akaunasa kwa kidole gumba cha mguu ili unyooke, akaonyesha jinsi sindano inavyopita chini ya jicho la wavu na kurudi juu kabla fundo halijakazwa. Mwigizaji alipoyarudia maneno yake akiwa amebana wavu kwa mguu, yalitoka polepole, kwa vipande, na kwa mara ya kwanza tukamwamini. Usiku wa maonyesho yule mvuvi alikuja na mabaharia wenzake wote, na walilipa.

Kuhusu shirika, sikuambii uikatae pesa. Nakuambia uikatae kaulimbiu. Sisi tuliwahi kukubali masharti kama hayo kutoka kwa mfadhili mmoja, tukafika mahali ambapo mhusika aliyekuwa akifa kwa homa ilimbidi anyanyue bango kabla ya kukata roho; watoto walicheka mpaka wakagaragara, nami sikuwalaumu. Pendekezeni njia nyingine. Augusto Boal, mwongozaji wa Brazil aliyekuwa uhamishoni, alikuwa akifanya kazi katika mpango wa kufundisha kusoma na kuandika nchini Peru mwaka 1973. Waigizaji wake walikuwa wakijaribu kuigiza ushauri wa mama mmoja aliyekuwamo katika hadhira, na kila walipojaribu mama yule akasema sivyo alivyokusudia, hata Boal akamwomba apande jukwaani aonyeshe mwenyewe. Tangu hapo mtindo huo umeenea: mchezo huigizwa hadi penye mkwamo, kisha huanzwa upya, na mtazamaji yeyote huweza kuusimamisha na kushika nafasi ya mhusika. Mwambieni mfadhili kwamba hadhira itaachiwa itafute jawabu lake. Akikataa, mtakuwa mmejua alikuwa akinunua nini.

Kiingilio tozeni, ila kiwe kidogo na cha hiari kwa asiyenacho. Mkiweka shilingi 50, na kiwanda kikaingiza watu sitini, thuluthi moja yao wakaingia bure, mtapata shilingi 2,000. Si mtaji wa kujisifia, lakini ni taa, nauli ya mashua na nguo mbili za mitumba za kukatwa upya. Mhazini asiwe mwongozaji, na hesabu ibandikwe mlangoni kila mwezi, hata ile ya hasara. Vilevile kiandikisheni kikundi chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, maana bila cheti ni taabu kufungua akaunti ya benki, na pesa zinazokaa mfukoni mwa mtu mmoja, hata awe mwaminifu vipi, huvunja vikundi kuliko michezo mibaya.

Yaliyobaki ni madogo. Mkitoka nje kuigiza uwanjani wakati wa kusi, waigizaji waupe upepo mgongo ili uwapelekee watazamaji sauti zao. Taa msiitundike juu ya kichwa, kwani hugeuza macho kuwa mashimo. Wekeni mbili pembeni, juu kidogo ya kimo cha mtu. Punda akilia, ngojeni amalize. Na wahusika wa Lamu waacheni waseme Kiamu chao, “mato” (macho) na “muyi” (mji), badala ya Kiswahili cha taarifa ya habari.

SWALI: Je, twaweza kuigiza tamthilia iliyochapishwa bila kumwomba mwandishi ruhusa, maadamu hatutozi kiingilio?
Msomaji, Malindi

JIBU: La. Kutotoza hakukuondolei wajibu. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi ya fasihi hulindwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki, kwa hiyo tamthilia nyingi za Kiswahili mnazozijua bado zina wenyewe. Mwandikieni mchapishaji, ambaye anwani yake huwa katika kurasa za mwanzo za kitabu, mkitaja tarehe, idadi ya maonyesho, ukubwa wa ukumbi na kwamba hamtozi. Ombi la kikundi kidogo lililoandikwa kwa adabu mara nyingi husikilizwa. Msibandike matangazo kabla ya jibu. Muziki wa kurekodiwa nao una wenyewe, basi mkiweza kumpata mpiga zumari au ngoma wa mtaani, mpeni yeye kazi hiyo.