Shangazi, kitabu gani kitanifanya niupende weusi wangu?

*Shikamoo shangazi. Mimi ni binti wa miaka 24, Mmakonde wa Newala, nashona nguo hapa Mtwara mjini. Ni mweusi sana, ule weusi ambao watu hugeuka kuutazama mara ya pili. Tangu shule nimeitwa kila jina. Mchumba wangu anachonga vinyago Mikindani. Ni mtu mzuri, ila akiwa na wenzake hupenda kusema umeme ukikatika ananitafuta kwa meno. Wanacheka, nami nacheka. Mwaka jana nilianza mkorogo. Uso umekubali, vifundo vya vidole vimegoma. Rafiki yangu aliyesoma Dar akaniambia shida yangu ni kutojiamini, nisome vitabu vya watu weusi wa Marekani. Nikaagiza kimoja kwa shilingi 35,000, cha Kiingereza. Nimekwenda nacho na kamusi mkononi mpaka ukurasa wa 40, nimekwama. Sasa najiona mweusi na mjinga pia. Bibi yangu ana chale uso mzima na tundu la ndonya, lile pambo la mdomoni, nimeshawaambia nyumbani wasimlete mjini siku ya harusi. Juzi nikamkuta mtoto wa dada yangu, ana miaka sita, amefungua kopo langu anajipaka mikononi. Nilimchapa, halafu nikakaa chini nikalia mimi. Shangazi, kitabu gani kitanifanya nijipende?*

*Mweusi wa Chikongola*

Marahaba, mwanangu. Pole.

Kabla hujasoma mstari mwingine, mwite huyo mtoto umwombe radhi. Alichofanya amekiona kwa mama yake mdogo kila asubuhi, akakichapiwa siku alipokiiga. Mpaka sasa hajui kosa lake lilikuwa lipi, mafuta au mikono.

Nianze na kopo, vitabu vitangoja. Sitakuhubiria, maana najua hata anayekuuzia anajua anachouza. Ndiyo maana analitoa chini ya meza. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kung'arisha ngozi, vimepigwa marufuku nchini, na sababu zipo. Zebaki hupita kwenye ngozi ikaenda kuharibu figo, na mwanamke akibeba mimba humfikia mtoto tumboni. Wewe unakaribia kuolewa, kwa hiyo hesabu hiyo ni yako. Haidrokwinoni ukiipaka muda mrefu hukugeuka: mahali ulipotaka weupe panatoka mabaka ya rangi ya majivu yasiyotaka kuondoka. Vifundo vya vidole vilivyogoma, shukuru kwamba kuna sehemu ya mwili wako iliyokataa ujinga. Lichukue hilo kopo ulipeleke kliniki ya ngozi, useme umepaka muda gani. Usione haya, wanawaona wenzako kila siku. Nasema uende kwa sababu mikorogo mingi hutiwa steroidi, dawa kali za ngozi, na ukiziacha ghafla ngozi huwaka na kuwasha. Wengi hapo ndipo huirudia, wakidhani ngozi inaidai.

Haya, vitabu.

Kwanza hilo la ujinga lifute. Mtu anayesoma kurasa 40 za lugha ya kigeni kwa kamusi, baada ya kushinda kwenye cherehani, huyo tuna jina lake, na si mjinga. Halafu nikwambie siri yangu: vitabu vingi vya "jiamini, jipende" mimi sivipendi, viwe vimeandikwa na mweusi au mweupe. Kila ukurasa ni amri. Simama mbele ya kioo, sema wewe ni malkia. Mtu ametoka kuchekwa barazani, anasimama mbele ya kioo anasema yeye ni malkia, kioo kinamtazama tu. Na akishindwa kujipenda, hilo nalo anaandikiwa kuwa kosa lake. Umeongezewa kazi juu ya kazi.

Mimi nimesomea Lindi, na darasani waliniita Kaniki. Vijana wa sasa huenda hamuijui kaniki: ile nguo nyeusi ya bei rahisi waliyojifunga wanawake wa kwenda shamba. Walimu nao waliita. Nikaitika, maana usipoitika unachapwa. Nilikuwa msichana mkubwa nilipoazima Wasifu wa Siti binti Saad, alioutunga Shaaban Robert, na katikati ya kusoma nikakutana na neno langu. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mtoto wa wafinyanzi, akitembeza vyungu vya kuuza. Alipoingia mjini na kuanza kuimba, wenye wivu wakamtungia: *Siti binti Saad, kawa mtu lini? Katoka shamba na kaniki mbili, kama si sauti, angekula nini?* Hakwenda kununua poda. Akawajibu kwa wimbo, kwamba uzuri wa sura na ukoo mkubwa si hoja, *hasara ya mtu kukosa akili*. Mwaka 1928 akavuka bahari mpaka Bombay kurekodi santuri, wa kwanza kutoka pwani yetu kupata sifa ya namna ile. Waliomtukana, nani anawataja?

Kitabu kile hakikunifanya mrembo, na usiku ule sikulala nikijipenda. Ila niligundua kwamba neno nililorushiwa uwanjani lilikuwa na umri mkubwa kuliko mama yangu. Walionitupia hawakulibuni kwa kunitazama mimi. Waliliokota, wakalitupa kwa aliyekuwa karibu. Na lilikuwa limeshajibiwa, kwa vina, kabla sijazaliwa. Ndiyo dawa pekee ninayoijua katika vitabu vya aina hii, na ndiyo ninayotaka uitafute wewe.

Kwa hiyo anza na huo wasifu. Ni mfupi, na kamusi utaiacha sandukuni.

Kisha tafuta Wimbo wa Lawino. Okot p'Bitek, Mwacholi wa Uganda, aliutoa kwa Kiingereza mwaka 1966, na Paul Sozigwa akautafsiri kwa Kiswahili chetu. Ni nakala za zamani, ulizia maktaba ya mkoa pale Mtwara, au mwalimu mstaafu yeyote mwenye kabati lenye vumbi. Lawino ni mke wa kijijini. Mumewe Ocol amesoma, sasa anamwona mshamba, amempata Clementine anayejipaka poda na kukausha nywele kwa moto ili afanane na Wazungu. Lawino anamsema mume, anamsema mke mwenzie, anasifu nywele zake, ngoma zao, chakula chao. Utacheka mpaka cherehani isimame. Mtu aliyechekwa miaka yote anahitaji kitabu kinachompa zamu ya kucheka.

Ila msome kwa jicho moja wazi. Aliyemuumiza Lawino ni Ocol, lakini matusi matamu kuliko yote anamtwisha mwanamke mwenzie. Nimeshawaona wengi wakiacha mkorogo kisha wakaanza kuwatukana wenye mkorogo. Huko usiende. Yule bado yuko ulikokuwa wewe juzi.

Cha Marekani usikiache, kiweke tu mbele kidogo. Kikifika wakati, mwambie rafiki yako wa Dar msome pamoja Toni Morrison, kitabu chake cha kwanza, The Bluest Eye, cha 1970. Kina mtoto mweusi anaitwa Pecola, anaomba kwa Mungu apate macho ya bluu, akiamini akiyapata ataacha kuonewa. Kina mtoto mwingine, Claudia, kapewa mwanasesere wa Kizungu Krismasi, watu wazima wote wanamsifu, naye anamvunjavunja kutafuta hicho kitu ndani yake kinachowafanya wampende. Morrison alikuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Lakini nakuonya: hicho si kitabu cha kufariji. Pecola anafanyiwa ukatili na baba yake mzazi, na mwisho akili inamtoka. Usikisome peke yako usiku. Nakitaja kwa sababu Morrison hamwambii Pecola ajipende. Anawageuzia macho watu wazima waliomzunguka, mama, mwenye duka, majirani, mmoja mmoja, ili uone kila mmoja alichangia nini. Na hapo mwanangu, wewe na mimi tumo, kwa sababu ya yule wa miaka sita.

Yeye mtafutie Sulwe, cha mwigizaji Mkenya Lupita Nyong'o, cha 2019. Sulwe ni neno la Kijaluo, maana yake nyota. Mama wa mtoto huyo ana rangi ya alfajiri, baba ya magharibi, dada ya adhuhuri, yeye peke yake ni wa usiku wa manane. Anachukua kifutio cha shule anajisugua ngozi ili afute rangi. Kina Kiingereza chepesi na picha kubwa, kamusi yako itatosha. Ukifika pale penye kifutio, nyamaza umwache aangalie. Akikuuliza kuhusu kopo, mwambie ukweli, kwamba mama mdogo naye alikuwa anajisugua.

Sasa huyu fundi wa Mikindani. Kwanza nilicheka, nisamehe. Mchonga mpingo! Mpingo mweusi wake uko kwenye kiini. Chini ya gome pana tabaka jeupe, na mafundi wengi hulichonga kwanza wakalitupa ndipo kazi ianze. Kijana anashinda na tezo akifukua weusi, weusi huo ndio unaomlisha, halafu jioni barazani anautania kwako. Mwulize siku mkiwa wawili, taratibu, bila kununa: "Ile ya meno, unaisema kwa raha ya nani?" Wanaume wengi hurusha maneno kwa kuwatazama wenzao na hawajui yanatua wapi, kwa sababu wewe unacheka. Acha kucheka. Sikwambii ugombane, usicheke tu, uone kimya kile kitamfanya nini. Akikuelewa na kuacha, una mume. Akikwambia unadeka, au akasema angalau mkorogo umekusaidia, niandikie tena kabla hamjapeleka barua kwa wajomba.

Limebaki la bibi, na hapa ndipo barua yako ilinichoma.

Zile chale hakuzaliwa nazo. Alikaa chini msichana mdogo, akakatwa usoni, akapakwa masizi, akavumilia, kwa sababu wakati ule Uwanda wa Makonde wote ulikuwa ukisema hivyo ndivyo mwanamke anavyopendeza. Ndonya vilevile. Sisemi turudi huko, maana wembe ni wembe. Nasema kabla ya harusi panda gari uende Newala, ulale siku mbili, umkorogee uji, umwulize: nani alikukata? Ulilia? Babu alisemaje alipokuona? Naye akiviona vidole vyako vilivyogoma atakuuliza umejifanya nini. Mwonyeshe. Wewe na yeye mna alama mwilini kwa ajili ya macho ya watu, tofauti ni kwamba yeye alishangiliwa kwa ngoma na wewe umejificha chooni na kopo. Nadhani mtacheka, huenda mkalia kidogo.

Halafu umpime gauni, wewe ndiwe fundi. Siku ya harusi aje, na asikalishwe nyuma kwenye masufuria na wapishi. Mkeka wa mbele.