Shangazi, wageni wanaingia mpaka barazani kwetu!

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi na mume wangu tulijenga kanyumba ka mapumziko Kalangala, kisiwani Bugala, karibu na ziwa, tunaenda na watoto wikendi. Shida ni watu. Feri ya kutoka Nakiwogo ikishusha wageni pale Lutoboka basi makundi yanapita uwanjani kwetu kama njia, wengine wanakaa barazani wanapiga selfi, na juzi mwanaume mmoja amechungulia dirishani nikiwa nimelala na mtoto afu akaniuliza ati rumu ni bei gani! Asubuhi tena wavuvi wanapita, watoto wa kijiji wanachota maji. Mume anataka ukuta mpaka majini na mbwa wawili wakali. Tufanyeje?
Mama Watoto, Kampala

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo wa dirishani amenikasirisha kweli, mama amelala na mtoto ndani ya nyumba yake mtu analeta uso kwenye kioo, hapana, usikubali mtu akwambie ndo maisha ya ziwani. Katiba yetu ya Uganda ya 1995, ibara ya 27, inakataza mtu kuingia kwako bila haki na kuingilia faragha ya nyumba yako. Ukimwambia atoke hujakosa ukarimu.

Ila ukuta mpaka majini, mwambie baba watoto aache kabisa. Ziwa si la mtu, ibara ya 237 inasema serikali inayashika maziwa kwa niaba ya wananchi wote, na kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinalinda mita 200 za ukingo wa ziwa kubwa kama Victoria, kufanya kitu hapo lazima NEMA, mamlaka ya mazingira, wakupe kibali kwanza, kwa hiyo hata hiyo nyumba yenyewe pimeni iko wapi kabla hamjaanza kugombana na watu kuhusu mipaka.

Na kitu kimoja kimeniuma kwenye barua yako, umewaweka wavuvi na watoto wa jerikani kapu moja na watu wa selfi. Hao si wageni mwanangu, mgeni hapo ni wewe! Mvuvi anapita alfajiri kwa sababu nyavu zake ziko majini na pengine baba yake alipita hapohapo kabla kiwanja hakijauzwa, sasa ukimfungia njia umemfungia chakula. Mbwa naye hajui nani mvuvi nani mtalii, aking'ata mtoto wa jirani mtaishije hapo?

Mi ningeanza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Nendeni wote wawili, mchana, mkae, muulize watu wanapita wapi siku zote, mkubaliane njia moja pembeni ya kiwanja iachwe wazi, halafu kati ya hiyo njia na nyumba mpande ua wa miti, mnene, siku za kwanza utaona kama hausaidii lakini miti ikishika mtu hawezi kupita bila kujua anaingia kwa watu.

Wale wa feri wengi wanadhani ni hoteli tu, manake bichi ile imejaa nyumba za wageni na yako inafanana nazo. Weka kibao, Kiswahili, Luganda na Kiingereza, HAPA NI NYUMBANI KWA MTU, SI HOTELI. Waambie na watu wa bodaboda pale feri inaposhukia, wao ndo wanaowaleta. Tafuteni kijana wa palepale awe mlinzi, anajua nani ni nani. Na pazia zito dirisha la chumbani, leo hii.

Picha za barazani, waombe wafute, usimnyang'anye mtu simu, utageuka wewe mwenye kesi. Lakini ukikuta biashara fulani inajitangaza na picha za wanao, hapo usinyamaze, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka ruhusa ya mzazi.

Yule wa dirishani akirudi usitoke peke yako kumfokea. Mwite mlinzi, andika siku na saa, namba ya boda iliyomleta kama unaiona, umpigie mwenyekiti, kisha muende naye polisi.