Mwanza kwa anayehamia na anayepita: majibu ya maswali yenu

Maswali ya Mwanza yamejaa inboksi, nimechukua yale yanayogusa watu wengi, mengine nimeyaunganisha maana yalikuwa yanauliza kitu kile kile.

Natokea Tanga, nimepangiwa kufundisha shule moja ya Nyegezi. Dalali kanionyesha nyumba mlimani Igogo, ukikaa kibarazani unaliona ziwa lote na kodi iko chini. Nichukue?

Mwalimu karibu sana, ila kabla hujaangalia ziwa angalia kwanza ngazi. Mji wetu umekaa juu ya mawe, na kule mlimani gari haifiki, bodaboda inaishia njiani, kwahiyo mtungi wa gesi, gunia la mkaa, kitanda, na siku mtu akizidiwa usiku, vyote hivyo vinabebwa kwa mabega kupita kwenye vijia katikati ya mawe. Mimi nilishapanga nyumba ya aina hiyo miaka yangu ya mwanzo hapa. Asubuhi ya kwanza nilisimama nje nikaona mitumbwi inarudi, nikasema hapa sihami. Kufika kiangazi maji yakawa hayapandi, presha inaishia kwa majirani wa chini, nikawa nanunua ndoo na kumlipa kijana wa kupandisha, ukijumlisha kwa mwezi ile kodi rahisi imeshakuwa kodi ya nyumba nzuri ya bondeni. Ziwa unaliona hapo chini limejaa na wewe huna maji ya kuoga. Inauma kweli.

Kwahiyo usimuulize dalali, mfate mama anayefua nyumba ya jirani muulize maji yanatoka siku gani na saa ngapi, na kiangazi inakuwaje. Angalia kama kuna simtanki na ni la lita ngapi. Muulize na choo, maana kwenye mwamba shimo refu halichimbiki, likijaa gari la kunyonya litapita wapi? Na kama unaweza, irudie hiyo nyumba siku ya mvua uone maji yanashukia wapi, kuna nyumba zimekaa kabisa kwenye njia ya maji na ukienda kipindi cha jua huwezi kujua.

Jambo la pili ni barabara. Mwanza usipime umbali kwa kilomita, pima kwa barabara gani. Kenyatta inakwenda Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, Mkolani mpaka Buhongwa. Nyerere inakwenda Mabatini, Buzuruga, Nyakato, Igoma mpaka Kisesa. Makongoro inakupeleka Kirumba, Pasiansi, Ilemela na airport. Zote zinakutana mjini, sasa ukipanga Igoma ukafundisha Nyegezi mara nyingi itabidi uingie mjini kwanza ndio utoke tena, kila siku, asubuhi na jioni. Igogo angalau iko upande wako. Ila mimi ningekushauri uanze kutafuta Butimba au Mkolani, na uwahi kabla vyuo havijafungua maana wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT nao wanatafuta vyumba huko huko.

Nakuja na wanangu wawili kutoka Dodoma mwezi wa sita, wanataka kuogelea ziwani. Kichocho ni kweli au watu wanatutisha tu?

Ni kweli mama, na naomba ulichukulie kwa uzito. Vijidudu vya kichocho vinaishi kwanza ndani ya konokono wadogo wa majini, wanaopenda maji yaliyotulia yenye majani na matete, yaani pale pale pembeni ambapo watoto wanapenda kucheza. Vikitoka kwa konokono vinaingia mwilini kupitia ngozi, sio lazima umeze maji, na dakika chache tu zinatosha. Haviumi. Huyo mtoto atatoka majini anacheka na wewe utafurahi, dalili zinakuja baada ya wiki kadhaa, tumbo kuuma, kuharisha, damu kwenye choo, na wengine hawaoni chochote kabisa mpaka miaka inapita na ini limeshaharibika.

Ushauri wangu wape hoteli yenye bwawa la kuogelea, ziwa walione kwa boti. Kama tayari waliingia, sio mwisho wa dunia, dawa ipo, inaitwa praziquantel na inatolewa kulingana na uzito wa mwili, lakini sikiliza hapa kwa makini: inaua minyoo iliyokomaa, ile michanga haiiwezi vizuri, kwahiyo ukiwapa siku ya pili yake unaweza kudhani umemaliza kumbe bado. Subiri wiki kama sita mpaka nane uwapeleke wakapimwe, na mwambie daktari wazi kwamba waliogelea Ziwa Victoria, huko Dodoma anaweza asifikirie kichocho kabisa.

Mimi hili linaniumiza kwa sababu wanao wana uchaguzi. Kuna watoto wa mialoni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, huku maji ya kufulia, kuogea, na vyombo vyote ni ziwani, wanapewa dawa shuleni na jioni yake wanarudi kwenye maji yale yale. Ndio maana nikisikia mtu anasema "mbona wenyeji wanaoga" huwa nakosa raha, wenyeji wanaoga ndio, na wanaumwa.

Nikirudi Dar nataka kubeba samaki. Ninunue wapi na nitajuaje kama ni wazima?

Nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba, asubuhi. Sato mzuri jicho lake liko juu na linang'aa, funua matamvua uone wekundu, minya mnofu kwa kidole, ukirudi sawa huyo ni mzima, ukibaki shimo achana naye hata bei ikishuka vipi. Siku hizi kuna sato wa vizimba pia, wanafugwa humo humo ziwani kwenye nyavu, wengi wanakuwa saizi moja na wamenona, wengine wanasema wa kuvuliwa ana ladha zaidi na mimi ni mmoja wao, ila wa kizimba sio samaki mbaya, usimkatae kwa maneno ya watu. Ukiona sato mdogo kuliko sentimita 25 au sangara chini ya sentimita 50 usinunue, sheria imekataza kuvuliwa, na tukiwala hao wadogo leo sijui wajukuu watakula nini.

Kwa safari ya basi kayabo ndio rahisi kuliko yote, ni sangara aliyekaushwa kwa chumvi, unamfunga kwenye gazeti unatembea naye. Wabichi wanahitaji boksi na barafu na mtu wa kukufungia vizuri, wapo hapo hapo sokoni.

Dagaa wana kalenda yao. Wanavuliwa usiku kwa taa, wanafata mwanga, sasa mbalamwezi ikiwa kali taa haina kazi na wavuvi wanapumzika. Kwahiyo ukija siku za giza utakuta dagaa wengi na bei inashuka, ukija mwezi mpevu utalipa zaidi. Chagua walioanikwa kwenye nyavu au chanja. Walioanikwa chini wana mchanga, utaosha mpaka uchoke na bado utausikia kwenye meno.

Kuvuka kwenda Geita bado ni kupanga foleni ya pantoni?

Hapana, hiyo imeisha. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tarehe 19 Juni 2025, linaitwa Daraja la J.P. Magufuli, urefu wake ni kama kilomita 3, unavuka kwa dakika chache ndani ya gari. Waliowahi kukaa pale na mgonjwa wakisubiri pantoni irudi wanaelewa maana yake.

Nina siku moja tu, natoka kwenye semina. Nione nini? Na nibebe sweta?

Sweta jepesi bebea jioni, ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari kwahiyo usitegemee joto la Dar.

Asubuhi nenda Saanane, ni kisiwa na ni hifadhi ya taifa, kilomita za mraba 2 na kidogo tu, boti inakufikisha kwa dakika chache kutoka mjini. Utaona pimbi, swala na ndege, unapanda mawe, unauona mji wote kutokea majini. Wengi wanapiga picha jiwe la Bismarck pale karibu na Kamanga wanaondoka, sawa, ni zuri, lakini ni dakika kumi.

Mchana panda gari ya Kisesa uende Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Mimi hapo ndipo ningekaa muda mrefu. Kuna ngoma za watemi, yaani machifu wa Kisukuma, viti vyao, nyumba za asili, na utaelezwa habari za Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji ambayo mashindano yao yamerithiwa vizazi na vizazi, watu wanakuja na dawa zao, na nyoka. Ukibahatika kuja mwezi wa sita kwenye Bulabo utayaona yakishindana yenyewe uwanjani. Ukifika asubuhi salimia "mwangaluka", mchana na jioni "mwadila", na ukihudumiwa sema "wabeja". Utaona mzee anavyobadilika uso.

Bibi yangu yuko Ukerewe hajawahi kumuona mwanangu. Naogopa boti kwa sababu ya yale yaliyotokea. Nifanyeje?

Dada, uoga wako una sababu na sitakwambia uache kuogopa. Meli ya MV Bukoba ilizama Mei 1996, mamia walikufa karibu kabisa na kufika Mwanza. Kivuko cha MV Nyerere kikazama tarehe 20 Septemba 2018, wakafa watu 228, karibu na gati ya kisiwa cha Ukara. Huku hakuna mtaa usiomjua mtu aliyepoteza mtu.

Kama moyo umekataa kabisa, pita barabara, Mwanza mpaka Bunda, Bunda mpaka Kisorya, hapo unavuka kipande kifupi cha maji kwa kivuko mpaka Rugezi, upande wa Ukerewe, halafu gari mpaka Nansio, mji mkuu wa kisiwa. Ni mzunguko mrefu lakini sehemu kubwa uko nchi kavu.

Ukiamua boti ya moja kwa moja, ni kama masaa matatu hivi mpaka Nansio. Chagua safari ya mchana, radi na dhoruba za ziwani zinapenda usiku na alfajiri. Nunua tiketi dirishani ili jina lako na la mtoto yaandikwe, hili usilione dogo, kwenye ajali watu wamehangaika kujua nani alikuwemo. Ukifika gatini ukaona watu wanaendelea kuingia na hakuna tena pa kukaa, shuka. Tiketi iache iende, bibi atasubiri kesho. Ukishakaa uliza jaketi za kuokolea zipo wapi, mvalishe mtoto hapo hapo kabla hamjaondoka, umkaze kamba mwenyewe, hata akilia kwamba linambana.