Nani Anafanya Kazi Kwenye Tamthilia Hii?

Safu ya maswali ya wasomaji. Safari hii maswali mengi yamehusu namna Wamaksi, yaani wafuasi wa Karl Marx, mwanafalsafa wa Kijerumani wa karne ya 19, wanavyotazama tabaka na mamlaka kwenye televisheni na filamu. Yaliyofanana tumeyaunganisha.

Swali: Shikamooni wahariri. Nasoma mwaka wa pili, Dodoma. Tulipewa kazi ya kuchambua tamthilia yoyote kwa mtazamo wa Kimaksi. Nikaandika kwamba matajiri wanawanyanyasa maskini, na mifano kumi nikaweka. Mwalimu kanirudishia karatasi imeandikwa pembeni: "Kwa hiyo?" Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Ulichokiona kipo, ila umeishia njiani. Unyanyasaji ni tabia, na Marx hakujishughulisha sana na tabia za matajiri. Tajiri anaweza kuwa mpole, msikivu, mtoa sadaka, na mambo yakabaki vilevile. Kwa Marx tabaka ni uhusiano: nani anamiliki nyenzo za uzalishaji mali, yaani shamba, kiwanda, lori, mashine, na nani hana cha kuuza ila nguvu kazi yake. Chukua mwanasheria wa kampuni mwenye mshahara mnono na mama mwenye genge la mboga. Kwa kipato, mwanasheria yuko juu. Kwa umiliki, yeye ni mwajiriwa na mama ana genge lake. Ukilikwepa swali hilo unabaki na insha ya maadili.

Fanya hivi. Chagua kipindi kimoja, usibebe msimu mzima. Kitazame mara ya kwanza bila kuandika kitu. Mara ya pili chora safu nne daftarini: kazi, mali, chanzo, kamera.

Kwenye safu ya kazi andika, onyesho kwa onyesho, nani anafanya kazi na anafanya nini hasa. Kwenye tamthilia nyingi za majumba ya kifahari mtu anaitwa mkurugenzi toka mwanzo hadi mwisho na hatujui kampuni yake inatengeneza nini. Ofisi ni meza, kompyuta na ugomvi wa mapenzi. Wakati huohuo chai inafika, geti linafunguka, mashati yanakutwa yamepigwa pasi. Chukua saa ya simu upime: dada wa kazi yumo kwenye picha kwa sekunde ngapi, na katika hizo, ngapi anasema jambo lake mwenyewe, siyo "mama, mgeni kafika".

Kwenye mali, andika pesa zimetoka wapi. Urithi? Ndoa? Biashara gani? Tamthilia isiposema, andika "kimya". Usiruke mstari, maana kimya hicho ndicho utakachokifanyia kazi baadaye.

Safu ya chanzo ndiyo nzito kuliko zote. Hadithi inasema mtu huyu ni fukara kwa nini: uvivu, uchawi, mama wa kambo, mume mlevi? Au alipunguzwa kazini, au alinyang'anywa shamba? Na anatokaje: kwa kuolewa, kwa kugundulika kuwa ni damu ya tajiri, kwa kujituma peke yake, au kwa watu kuungana? Hadithi ambamo tajiri mbaya anaumbuka na tajiri mwema anakaa mahali pake imebadilisha mkaaji, kiti hakijaguswa.

Kwenye kamera, angalia nani anapewa picha ya karibu ya uso, na nani tunamwona mgongo tu, au mikono inayoweka sinia mezani. Hapa wanafunzi wengi hujikwaa. Wamesoma mahali kwamba kamera ikimtazama mtu kutoka juu inamdhalilisha, basi kila picha ya juu wanaihukumu. Onyesho moja halitoshi. Tafuta mtindo unaojirudia kwa watu wa aina ileile.

Kosa jingine ni kuchukua maneno ya mhusika kuwa msimamo wa kazi yenyewe. Mhusika anaweza kuhubiri haki dakika tano nzima, kisha hadithi ikamfanya kichekesho.

Sasa ndipo unamjibu mwalimu. Marx na mwenzake Friedrich Engels, katika maandishi yao ya 1845 na 1846, walisema mawazo ya tabaka tawala ndiyo mawazo yanayotawala katika kila zama, kwa kuwa wenye kumiliki uzalishaji wa mali humiliki pia uzalishaji wa fikra. "Kwa hiyo" yako inatakiwa ionyeshe ni wazo gani tamthilia imelifanya lionekane la kawaida, na imelifanyaje: kwa kukata nini, kwa kumpa nani sauti, kwa kumalizia wapi.

Swali: Nipeni filamu moja fupi ya Kiafrika nijifunzie. Msomaji, Kisumu.

Jibu: Borom Sarret ya Ousmane Sembène, Senegal, 1963. Ni kama dakika 20 tu. Sembène alikuwa kuli bandarini Marseille na mwanaharakati wa chama cha wafanyakazi kabla ya kwenda Moscow kujifunza filamu, na inaonekana.

Mhusika ni mwenye mkokoteni wa farasi jijini Dakar. Wateja wake wa kila siku wanapanda na kushuka bila kulipa. Akipata senti kidogo, msifu anaimba ukuu wa mababu zake, na yeye mwenyewe kwa furaha anampa pesa yote. Hiyo ndiyo itikadi ikifanya kazi: fukara analipia hadithi ya utukufu wake na tumbo linabaki tupu. Baadaye bwana mwenye suti anamkodi ampeleke Plateau, mtaa wa maghorofa ambako mikokoteni imepigwa marufuku. Polisi anawasimamisha. Katika kutoa karatasi, nishani ya mwenye mkokoteni inaanguka chini, na kiatu cha polisi kinaikanyaga. Bwana wa suti keshatoweka. Mkokoteni unachukuliwa, jamaa anarudi nyumbani na farasi peke yake.

Pitisha zile safu nne. Hakuna tajiri katili hata mmoja. Kuna sheria inayoulinda mtaa, na mtu wa kuitekeleza. Kilichochukuliwa si pesa, ni mkokoteni, yaani nyenzo yake, na kesho hana pa kuanzia. Senegal ilikuwa imepata uhuru 1960, lakini mpaka kati ya mtaa na mtaa haukuondoka na bendera ya Ufaransa. Mwishoni mke anamwachia mtoto, anatoka, akimwahidi kwamba leo watakula. Filamu haisemi anakwenda wapi.

Swali: Kama Squid Game, ile tamthilia ya Korea Kusini ambamo wenye madeni wanacheza michezo ya kufa na kupona ili washinde pesa, inaushambulia ubepari, mbona ubepari huohuo ndio ulioitoa hadharani na kutajirika nayo? Si unafiki?

Jibu: Unafiki ni neno la tabia tena. Kampuni inauza kinachouzika, na hasira dhidi ya matajiri inauzika vizuri sana. Theodor Adorno na Max Horkheimer, wanafalsafa wa Kijerumani waliokimbilia Marekani enzi za Hitler, waliandika miaka ya 1940 kuhusu tasnia ya utamaduni: filamu na muziki kutengenezwa kwa kanuni za kiwanda, hata uasi ukawa ladha mojawapo kwenye rafu.

Mfano wako ni mzuri kuliko unavyodhani. Katika msimu wa kwanza, 2021, mhusika mkuu, Gi-hun, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha magari aliyepoteza kazi baada ya mgomo. Mwongozaji Hwang Dong-hyuk alisema aliuchota kwenye mgomo wa kweli wa kiwanda cha magari cha SsangYong, mjini Pyeongtaek, Korea Kusini, mwaka 2009. Wafanyakazi walikikalia kiwanda siku 77, na polisi wakawavamia. Sasa angalia 2023: Netflix ikatoa shindano la kweli lenye watu 456, mshindi dola milioni 4.56. Hadithi iliyoulaani mchezo imegeuzwa kuwa mchezo, na mgomo haumo.

Hata hivyo hatukubaliani na wanaosema basi haina maana. Mgomo ule umefika sebuleni kwa watu ambao wasingetazama kamwe makala ya vyama vya wafanyakazi vya Korea. Adorno alikuwa mkali mno kwenye jambo hili, akawaona watazamaji kama chombo kitupu.

Swali: Stesheni zinazotazamwa bure zinapata faida gani? Tabaka linaingiaje hapo? Msomaji, Arusha.

Jibu: Zinauza muda wako kwa watangazaji. Mwaka 1977 Dallas Smythe, mchumi wa Kanada, alishikilia kwamba bidhaa ya vyombo vya habari vya biashara ni hadhira yenyewe, na kipindi ni chambo. Kampuni ya sabuni ya Procter & Gamble ilikuwa ikigharimia tamthilia za redio Marekani tangu miaka ya 1930, kwa sababu wanunuzi wa sabuni walikuwa nyumbani mchana wakisikiliza.

Keti saa moja jioni, orodhesha kila tangazo na mahali lilipokata hadithi. Kisha uliza ni mambo gani hadithi haiwezi kuyasema bila kumuudhi mdhamini. Tamthilia inayolipiwa na kampuni ya mikopo, mhusika akikopa, ngoja uone kama atafilisika. Angalia pia mmiliki. Azam TV, kwa mfano, ni ya kundi la Bakhresa, haohao wa unga wa ngano na juisi. Si siri wala si kosa. Ni taarifa ya kuandika juu kabisa ya daftari kabla hujaanza kuchambua.

Swali: Mama yangu hakosi tamthilia za Kituruki, na majumba yale ndiyo yanayomvuta. Je, amepumbazwa? Binti wa Mombasa.

Jibu: Mwulize kwanza anachokiona. Antonio Gramsci, Mmaksi wa Italia aliyefungwa na utawala wa Mussolini mwaka 1926, alieleza kwamba tabaka tawala halitawali kwa rungu peke yake, linatafuta ridhaa, na ridhaa hupatikana, hupotea, hugombewa. Stuart Hall, mzaliwa wa Jamaika aliyefundisha Birmingham, akalileta hilo kwenye televisheni mwaka 1973. Mtazamaji anaweza kukubali maana aliyotegewa, anaweza kuikubali nusu na kubishana nusu, au akaipinga kabisa.

Mtafiti wa Uingereza, David Morley, akajaribu nadharia hiyo kwa kuwaonyesha watu wa vikundi 29 kipindi cha BBC, na matokeo yakachapishwa 1980. Viongozi wa wafanyakazi walibishana nacho vikali, mameneja wa benki wakakikubali. Lakini vijana wa mafunzo ya ufundi, watoto wa wafanyakazi, nao walikikubali, na baadhi ya wanafunzi weusi walikiona hakiwahusu kabisa. Kwa hiyo usikisie mawazo ya mtu kwa kuangalia tabaka lake tu. Huenda mama yako anayapenda mapazia na kumcheka mwenye nyumba.

Swali: Naandika tamthilia ya mtandaoni, Dar. Dada wa kazi wangu kila nikimwandika anakuwa mleta sinia au mchekeshaji. Nifanyeje?

Jibu: Mpe mshahara. Kiasi gani, tarehe ngapi, anadai miezi mingapi. Hapo kila onyesho lake na mama mwenye nyumba litakuwa na uzi chini yake hata wakizungumzia vitunguu. Mpe saa: anaamka saa ngapi, analala baada ya nani. Andika walau onyesho moja ukiwa jikoni, ugomvi wa sebuleni tuusikie nusunusu akiwa anakuna nazi. Asiwe malaika, maana malaika hadai chake. Na tafadhali, asije akagundulika kipindi cha 40 kuwa binti wa bilionea.

Vichekesho usiviogope. Papa Shirandula wa Citizen TV, Kenya, alikuwa mlinzi anayemficha mkewe kazi yake, na kicheko kilitoka kwenye ile aibu aliyoibeba. Tatizo linaanza pale tunapocheka lafudhi yake na uzito wake wa kuelewa, basi.

Siku ya kupiga picha, mwambie mtu wa vifaa ajaze ndoo maji. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na mwigizaji akibeba tupu, mabega yake yatasema uongo hata mistari ikiwa mizuri namna gani.