Maswali ya Wasomaji: Heller Zimeota Ukijani

SWALI: Nina sarafu tatu za Mjerumani, heller 20 za mwaka 1916. Nilizitia kwenye mfuko wa plastiki laini. Sasa zina utando wa kijani unaonata. Nizisugue kwa ndimu na majivu kabla ya kubadilishana na mwenzangu?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Ndimu iache jikoni. Asidi hula shaba, majivu hukwaruza, na sarafu iliyong'arishwa hushuka thamani palepale. Utando huo umetoka kwenye plastiki yenyewe (PVC), joto na unyevu wa pwani vikiuharakisha. Loweka sarafu dakika kumi katika asetoni safi (kimiminika kinachoyeyusha utando huo), kwenye bilauri ya kioo, dirisha wazi, mbali na moto. Zisuuze kwa asetoni mpya, ziache zikauke zenyewe. Usifute! Kijani kikavu cha ungaunga ni kutu. Hicho asetoni haikitoi.

Kabla ya kubadilishana, tafuta herufi T, yaani Tabora, zilikofuliwa wakati wa vita. Zipo za shaba nyekundu na za shaba ya njano. Chapa kufifia ni kawaida yake.

Vile visarafu vya masultani vinavyookotwa magofuni Kilwa usiviguse: ni mali ya kale, sheria inavilinda.