Maswali na Majibu: Unix ilikuwa mali ya nani?

Nasikia Unix, mfumo endeshi wa kompyuta, iligawiwa vyuo karibu bure. Ilikuwaje kampuni ya simu ya AT&T itoe mali yake hivyo, kisha ije kushtaki watu?

Haukuwa ukarimu. Mwaka 1956, ili kumaliza kesi ya ukiritimba, AT&T ilikubaliana na serikali ya Marekani kwamba haitafanya biashara nje ya mawasiliano. Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza kuunda Unix kwenye maabara za Bell, za kampuni hiyohiyo, mwaka 1969, mwajiri wao hakuwa na ruhusa ya kuuza programu. Vyuo vikapewa kwa ada ndogo pamoja na msimbo chanzo wote (maandishi yenyewe ya programu), bila msaada: ukikwama, shauri yako. Mwaka 1984 kampuni ikagawanywa na marufuku yale yakaisha. Ghafla Unix ikawa bidhaa.

Basi Berkeley walikosea nini hata washtakiwe?

Kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha California pale Berkeley kilikuwa kikiiongezea Unix vitu vyake, ikiwemo TCP/IP (kanuni za mawasiliano ya intaneti), lakini aliyevitaka alilazimika kwanza kuwa na leseni ya AT&T. Keith Bostic akaona njia: akawaomba watu wa kujitolea waandike upya programu ndogondogo za mfumo, moja baada ya nyingine, bila kugusa msimbo wa AT&T. Juni 1991 wakatoa mfumo ulioandikwa upya, Net/2, ambayo kwenye kiini chake (kernel) yalipungua mafaili sita tu.

Kampuni ya BSDi ikajaza pengo hilo na kuuza mfumo kamili kwa dola 995, ikitangaza namba ya simu 1-800-ITS-UNIX. Huko ni kuchokoza nyuki mzingani! Mwaka 1992 USL, kampuni tanzu ya AT&T, ikafungua kesi New Jersey, na chuo nacho kikaunganishwa.

Kwa nini AT&T haikushinda, na Unix ni yao?

Ilijikwaa kwa uzembe wake. Toleo la 32V, ambalo ndilo chimbuko la kazi ya Berkeley, lilisambazwa bila tangazo la hakimiliki, na kwa sheria ya wakati ule hilo liliweza kukupotezea haki yenyewe. Machi 1993 Jaji Dickinson Debevoise akakataa kutoa zuio, akiona USL haielekei kuthibitisha hakimiliki hiyo.

Chuo nacho kikashtaki California, kikidai System V (toleo la Unix) ya AT&T imebeba msimbo wa Berkeley bila kuwataja wenyewe. Kutajwa tu ndiko leseni ya Berkeley ilikokudai, na hata hilo likawashinda. Mwaka huohuo kampuni ya programu ya Novell ikainunua USL, na Januari 1994 wakapatana. Kati ya mafaili takriban 18,000, yaliyoondolewa ni matatu. Baadhi yalirekebishwa, mengine yakaongezewa tangazo la hakimiliki. Kelele zote zile kwa mafaili matatu!

Ni kweli kesi hiyo ndiyo iliyoizaa Linux, mfumo huria unaofanana na Unix?

Hapana, tarehe zinakataa. Linus Torvalds alianza kuiandika mwaka 1991, kabla ya kesi. Aliwahi kusema kwamba kama 386BSD, Unix ya Berkeley kwa kompyuta za PC, ingekuwepo alipoanza, huenda Linux isingekuwepo, lakini 386BSD ilichelewa, haikuwa imezuiwa. Kesi ilichofanya ni kuwatia watu woga wa kutumia BSD (Unix hiyo ya Berkeley) kwa karibu miaka miwili, na Linux ikapata nafasi ya kukua.

Na SCO dhidi ya IBM?

Hiyo ilikuja baadaye, Machi 2003. Kampuni ya SCO, iliyojiona mmiliki wa Unix, ilidai IBM imeingiza msimbo wa Unix ndani ya Linux, ikaanza na dai la dola bilioni 1. Mwaka 2010 baraza la wazee wa mahakama (jury) huko Utah likaamua kwamba hakimiliki za Unix zilibaki kwa Novell, si SCO. Shauri la IBM likafungwa mwaka 2021 kwa dola milioni 14.25.

Naweza kusoma msimbo wa Unix ya zamani bila kuvunja sheria?

Soma. Januari 2002 matoleo ya zamani, hadi la 7 pamoja na 32V, yaliachiliwa kwa leseni inayofanana na ya Berkeley. Aliyeyaachilia ni kampuni ya Caldera, ambayo muda si mrefu ilibadili jina na kujiita SCO, ile ile ambayo hukumu ya 2010 ilisema hakimiliki si zake; kwa hiyo swali la haki yake ya kuyaachilia linabaki.