Hija Haifuti Deni: Maswali na Majibu Kuhusu Uislamu na Haki za Watu

Maswali ya safari hii karibu yote yana mzizi mmoja: watu wamechanganya haki ya Mwenyezi Mungu na haki ya mja. Ya kwanza husamehewa kwa toba. Ya pili ina mwenyewe, na mwenyewe yuko hapa hapa mtaani.

Jirani yangu alinikopa milioni mbili na nusu za kununulia bodaboda. Mwaka huu amekwenda Makka, amerudi, anaitwa Alhaji. Nilipomkumbusha akasema aliyehiji anarudi kama siku aliyozaliwa, kwa hiyo tusifukue ya zamani. Nimekosa la kusema. (Msomaji, Tanga)

Hadithi aliyoishika ipo, na ni sahihi: anayehiji bila maneno machafu wala ufasiki hurudi kama siku aliyozaliwa na mama yake. Alichokiruka ni maelezo ya wanazuoni kwamba kinachofutwa ni dhambi iliyo baina yake na Mola wake. Pesa yako haimo humo. Hata shahidi aliyefia vitani, Mtume (s.a.w.) amesema husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Kama damu ya shahidi haikulifuta, tawafu, yaani kuizunguka Kaaba, italifutaje?

Tena huyu Alhaji alikosea kabla hajapanda ndege. Hija inamlazimu mwenye uwezo, na uwezo huhesabiwa baada ya kutoa madeni. Deni likishafika wakati wake, mdaiwa hasafiri mpaka alipe au mdai aridhie. Hija yake inasihi, hatuambiwi airudie, ila deni liko pale pale na dhambi ya kulichelewesha hali anazo iko juu yake.

Toba ya kawaida ina masharti matatu: kuliacha kosa, kujuta, na kuazimia kutolirudia. Kosa likimgusa binadamu linaongezeka la nne, nalo ni kumrudishia haki yake au kupata msamaha wake. Mwenye mali akiwapo, analipwa yeye. Akiwa amefariki, wanalipwa warithi wake, kila mmoja fungu lake, si kumpa tu yule unayeelewana naye. Akiwa hajulikani aliko, na ametafutwa mpaka imekatika tamaa, kiasi kile hutolewa sadaka kwa niaba yake, kwa nia kwamba akitokea atalipwa. Msikitini wapo wanaoruka moja kwa moja hadi kwenye sadaka, na mwenye pesa anakaa nyumba ya tatu. Hiyo haikubaliki.

Mtume (s.a.w.) aliwahi kuwauliza masahaba, mnamjua muflisi ni nani? Wakasema ni asiye na dirhamu wala mali. Akawaambia muflisi wa umati wake atakuja Siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, lakini alimtukana huyu, akamsingizia yule, akala mali ya huyu, akampiga yule. Thawabu zake zitagawiwa hao mpaka ziishe. Zikiisha kabla ya madeni, atabebeshwa dhambi zao. Imepokewa na Imamu Muslim, mkusanyaji wa hadithi. Msomee Alhaji, kwa upole.

Nawe una wajibu wako. Kama kweli hana, Sura ya Al-Baqara aya ya 280 inakutaka umpe muda mpaka apate. Aya ya 282 ya sura hiyo hiyo, ndefu kuliko aya zote za Kurani, inahusu kuandika deni. Basi kaeni chini hata sasa: kiasi, tarehe, awamu za kulipa, mashahidi wawili, sahihi. Usiongeze hata shilingi mia kwa sababu ya kuchelewa, maana hapo unaingia kwenye riba.

Mimi ni Mkristo. Kila Krismasi napeleka pilau kwa jirani zangu Waislamu, na nimegundua hawaili. Dini yao inawafundisha kwamba sisi ni najisi? (Mama wa watatu, Morogoro)

Hapana, Mama. Madhehebu ya Shafi'i, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, yanasema wazi kwamba mwili wa binadamu ni tohara, yaani safi kidini, awe Mwislamu au asiwe, awe hai au maiti. Kinachowakwamisha ni nyama ndani ya pilau.

Kurani, Al-Maida aya ya 5, imehalalisha chakula cha waliopewa Kitabu, yaani Mayahudi na Wakristo. Lakini mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria, wa Kishafi'i waliweka sharti la nasaba: mababu wa mchinjaji wawe walikuwamo katika dini hiyo kabla ya kuja Uislamu. Mtu ambaye ukoo wake ulibatizwa karne ya 19 halitimizi. Wanazuoni wengine wengi hawana sharti hilo, ndiyo maana Mwislamu wa kutoka nchi nyingine anaweza kula bila wasiwasi chakula ambacho jirani yako anakiogopa. Ni suala la fikihi, yaani sheria ya dini, kuhusu mchinjaji, halina uhusiano na heshima yako.

Ukitaka sahani irudi tupu, fanya hivi. Nyama nunua kwenye bucha ambayo mchinjaji wake ni Mwislamu. Kuku, mwite jirani mwenyewe achinje: kisu kikali, akate koo la pumzi na koo la chakula, na ni bora mishipa miwili ya pembeni nayo ikatike. Hapo ndipo wengi huharibu, kwa kumtumbukiza kuku kwenye maji ya moto angali anatapatapa. Subirini atulie kabisa ndipo manyoya. Sufuria isiwe imepikiwa nguruwe, na kusiwe na mvinyo kwenye viungo. Halafu, la muhimu kuliko yote, mwambie: "Nyama ya bucha ya fulani, sufuria mpya." Jirani wengi huacha kula kwa sababu wanaona haya kuuliza. Samaki hana haja ya kuchinjwa. Maandazi na matunda hayana mjadala.

Na jirani zako nao wakumbushwe kwamba swahaba Abdullah bin Amr alichinjiwa mbuzi nyumbani kwake, akauliza zaidi ya mara moja: mmempelekea jirani yetu Myahudi? Akasema alimsikia Mtume akieleza jinsi Jibrili alivyokuwa akimuusia kuhusu jirani mpaka akadhani atamfanya jirani kuwa mrithi.

Ni kweli Mwislamu haruhusiwi kumwitikia Mkristo salamu?

Si kweli. An-Nisaa aya ya 86: mkiamkiwa, itikieni kwa iliyo bora au mfano wake. Watu huchukua hadithi inayosema wajibuni "wa alaykum" tu, wakaacha sababu yake: palikuwa na watu Madina waliokuwa wakiugeuza ulimi na kusema "as-saamu alaykum", yaani mauti yawe juu yenu. Jibu fupi lilikuwa linawarudishia walichokisema. Mzee wa Kikristo akikuambia "habari za asubuhi", mwitikie. Ukimpita bila kumwamkia kisha ukaita hiyo dini, umekosa dini na adabu pamoja.

Nimesilimu mwaka jana. Wazazi wangu ni Wakristo, baba mgonjwa. Wenzangu wananiambia nisimamie dini niachane nao, na nibadilishe jina lote. Baba akifa nitaruhusiwa kumzika? (Kijana, Mwanza)

Luqman aya ya 15 inazungumzia wazazi wagumu kuliko wako, wanaokushurutisha umshirikishe Mungu. Hata hao, inasema usiwatii katika hilo, lakini kaa nao duniani kwa wema. Asma binti Abubakar alitembelewa na mama yake ambaye hakuwa Mwislamu, akamuuliza Mtume (s.a.w.) kama aunge naye udugu. Akamwambia ndiyo, muunge mama yako. Kwa hiyo dawa za baba nunua, hospitali mpeleke, mkeshee.

Jina: kama lako halina maana mbaya wala ya ibada ya asiyekuwa Mungu, halilazimu kubadilishwa. La baba ndiyo hasa usiliguse, maana Al-Ahzab aya ya 5 inaamrisha watu waitwe kwa baba zao. Wanaosilimu na kubandikwa jina la mwalimu wao kama la baba wanafanyiwa kosa, na baadaye huhangaika na vyeti.

Mazishi: Ali bin Abi Talib aliambiwa na Mtume aende akamzike baba yake, aliyekufa bila kusilimu. Utafika, utachimba kaburi, utasimama na ndugu, utapokea pole. Usichoshiriki ni ibada yenyewe: komunyo, sala za kanisani, na wewe hutamswalia swala ya jeneza. Kaa nje kwa utulivu, ndugu zako wataelewa ukiwaambia mapema, si pale pale jeneza likiwa mbele.

Mirathi ndiyo inayowashtua wengi. Kwa fikihi, Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu hawarithiani. Mlango uliopo ni wasia, usiozidi theluthi moja ya mali, na zawadi mtu angali hai. Ukitaka mama yako apate kitu baada yako, andika wasia sasa.

Dada yangu anafanya kazi za ndani Uarabuni. Tajiri ameshika pasi yake ya kusafiria, hajamlipa miezi mitatu, na anamkata pesa kila kikivunjika chombo. Anasema gharama za kumleta kazilipa yeye, kwa hiyo ni haki yake kidini.

Amemsingizia dini. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mwenyezi Mungu anasema kuna watu watatu atakaoteta nao Yeye mwenyewe Siku ya Kiyama: aliyetoa ahadi kwa jina Lake kisha akahini, aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyeajiri mtu akachukua kazi yake kamili asimpe ujira. Dada yako ni mtu huru mwenye mkataba wa ijara, yaani wa kazi kwa ujira. Mkataba huo una nguzo zake, miongoni mwazo kazi inayojulikana na ujira unaojulikana. Nauli aliyoilipa tajiri haimfanyi mmiliki.

Kuhusu vyombo kuna kanuni mahususi ambayo wengi hawaijui. Mkono wa mfanyakazi ni mkono wa amana. Sahani ikimteleza kwenye povu akiwa anaosha kama watu wanavyoosha, halipi. Atalipa akiivunja makusudi au kwa uzembe ulio wazi, kama kupanga glasi ishirini kwenye sinia moja na kupanda nazo ngazi baada ya kukatazwa. Anayedai uzembe ndiye mwenye kuleta ushahidi. Kumkata bei ya kila glasi, kama desturi ya nyumba, ni kula mali ya mtu.

Kazi nayo ina kipimo. Mtume (s.a.w.) alisema msiwakalifishe wasiyoyaweza, na mkiwakalifisha basi wasaidieni. Nyumba nyingi hukosea Ramadhani: msichana anafunga, anapika futari ya watu kumi na watano, anaosha mpaka saa sita usiku, saa tisa anaamshwa apike daku.

Kwa vitendo: sheria za Qatar na za Falme za Kiarabu zinamkataza mwajiri kushika pasi ya mfanyakazi. Dada apige picha mkataba wake, ukurasa wa pasi kama bado anazo nakala, na kila ujumbe wa tajiri kuhusu malipo, akutumie wewe kisha azifute kwenye simu yake. Aandike tarehe na kiasi cha kila mshahara uliolipwa na usiolipwa. Halafu ninyi nyumbani muwasiliane na ubalozi wenu ulioko huko na wakala aliyemsafirisha. Asitoroke usiku bila kuwa na pa kwenda. Kwa nchi zile mfanyakazi aliyeripotiwa kutoroka anaweza kukamatwa yeye, na mdai akageuka mshtakiwa.

Mume wangu amenitumia meseji: "Talaka tatu, usinikute nyumbani." Nitoke? (Mombasa)

Usitoke. At-Talaq aya ya 1 inasema msiwatoe katika nyumba zao, wala wao wasitoke. Katika talaka rejea, ambayo mume anaweza kumrudia mke ndani ya eda, makazi na matumizi ni juu yake mpaka eda iishe. Katika talaka tatu, kwa Mashafi'i, makazi yanabaki, na matumizi pia ukiwa mjamzito. Kukutoa usiku na begi ni kosa kwa namna yoyote utakayoihesabu.

Kama imepita au haikupita, usiamue wewe wala shoga yako. Kwa Mashafi'i maandishi ni kinaya, yaani si tamko la wazi, yanategemea nia yake, kwa hiyo lazima aulizwe. Tatu kwa mkupuo, madhehebu manne yanazihesabu tatu. Wapo wanazuoni, Ibn Taymiyya akiwa mashuhuri zaidi, waliozihesabu moja. Kutamka hivyo kwenyewe wanazuoni wengi wanakuhesabu uzushi uliokatazwa, ingawa kwa Mashafi'i si haramu. Hifadhi meseji, nenda kwa kadhi. Kenya mahakama za kadhi zinatambuliwa na ibara ya 170 ya Katiba. Dai mahari yaliyobaki na kitulizo, yaani zawadi ya kumliwaza mwanamke aliyeachwa. Yale uliyokwishapewa hayarudi.

Kwa nini Waislamu wanachukia mbwa?

Tohara na chuki ni vitu viwili. Kwa Mashafi'i mbwa ni najisi, basi: akilamba bakuli, huoshwa mara saba, moja kwa udongo uliochanganywa na maji, na bora iwe ya kwanza. Mkono mkavu ukimgusa mbwa mkavu, hakuna cha kuosha. Mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda anaruhusiwa kufugwa, na ukimfuga chakula na maji yake ni wajibu wako. Yule mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake, akakiuma kwa meno apate kupanda, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba tope kwa kiu, alisamehewa dhambi zake. Anayempiga mawe mbwa wa jirani anapopita kwenda msikitini hakuyapata hayo kwenye kitabu chochote cha fikihi.